Tumchore Mtu Akiwa Kazini

 

Safari hii tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo huenda wengine mtaliona ni la watoto wa shule, yaani kuchora mtu. Hatuzungumzii kuchora kwa ajili ya kuuza, wala kwa ajili ya mashindano. Tunazungumzia michoro ile ambayo akina mama wengi makanisani tunahitaji kila mara: picha ya kufundishia watoto shule ya Jumapili, picha ya bango kitita la kliniki, kielelezo cha somo la lishe katika kikundi. Kazi hizi zikitajwa, wengi wetu husema upesi, "Mimi sijui kuchora," na mazungumzo yakaishia hapo.

Sisi tulio wauguzi tunajua kwamba picha si pambo tu. Mama asiyesoma vizuri, au mwenye haraka ya kurudi shambani, huiamini picha kuliko maneno yaliyoandikwa chini yake. Picha ikisema vibaya, naye atatenda vibaya. Kwa sababu hiyo kikundi chetu cha akina mama hapa Musoma, pamoja na wenzetu wa Bunda na Butiama, tuliamua kujifunza kuchora mtu, ingawa wengi wetu tuna watoto walio sekondari. Leo tunapenda kuwashirikisha njia tuliyoifuata.

MTU HUTAMBULIKA KWA MWENDO

Fikiri jambo hili. Jioni umekaa mlangoni, unaona mtu anakuja kwa mbali. Uso hauonekani, nguo haitambulikani rangi, lakini wewe unasema, "Baba watoto huyo anarudi." Umemjuaje? Umemjua kwa mwendo, kwa jinsi anavyobeba mabega, kwa jinsi anavyotupa mguu. Macho yako yameshika tendo la mwili wake kabla ya kuona pua wala mdomo.

Hiyo ndiyo siri ya kumchora mtu. Wengi tulifundishwa kuanza na duara la kichwa, kisha macho mawili, pua, mdomo, halafu shingo, na kadhalika kushuka chini. Tukifika miguuni, karatasi imekwisha na mtu amekuwa mgumu kama mti wa uzio. Njia nyingine ni kuanza na tendo. Unajiuliza, "Mtu huyu anafanya nini?" Kisha kwa mistari michache ya haraka unaonyesha mwili wote ukifanya hilo. Mkono hausimami, na penseli inapita kutoka kichwani hadi kisigino bila kuinuliwa mara kwa mara. Dakika moja inatosha. Nusu dakika ni bora zaidi, maana haikupi nafasi ya kuhangaika na kope wala vidole. Sisi tumeuita mchoro wa tendo.

Mmoja wa walioieneza sana njia hii ni mwalimu Mmarekani, Kimon Nicolaides, aliyefundisha katika shule ya Art Students League mjini New York. Alifariki mwaka 1938, na kitabu chake cha mazoezi ya kuchora kikatolewa mwaka 1941. Wanafunzi wake walichora michoro mingi mno ya haraka kabla ya kuruhusiwa kukaa juu ya mchoro mmoja kwa muda mrefu.

Karibu nasi zaidi, huko Makerere, Uganda, mama mmoja Mwingereza, Margaret Trowell, alianza mwaka 1937 kuwafundisha wanafunzi kuchora barazani kwa nyumba yake. Mumewe, Dkt. Hugh Trowell, alikuwa daktari katika hospitali ya Mulago, na ni mmoja wa waliochunguza sana ugonjwa wa kwashakoo kwa watoto. Bibi Trowell hakupenda wanafunzi wake wanakili picha za Kizungu. Aliwasimulia tukio, nao wakalichora kutokana na maisha waliyoyajua wenyewe. Kwake alipita Mtanzania Sam Ntiro, mzaliwa wa Kilimanjaro, aliyeishi kati ya mwaka 1923 na 1993, na ambaye baadaye alikuwa Balozi wetu mjini London. Ntiro alipenda kuchora watu wa kijijini wakifanya kazi pamoja. Katika picha zake nyuso hazina mambo mengi, lakini mtazamaji huona wazi nani anavuna na nani anabeba mzigo.

Mwanafunzi mwingine wa Makerere, Elimo Njau, naye mzaliwa wa Kilimanjaro, alichora ukutani picha kubwa za maisha ya Bwana Yesu katika kanisa kuu la Murang'a nchini Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1950. Aliwaweka watu wa Injili katika nchi ya Wakikuyu, ili Mkristo wa pale aione habari ile kama ya nyumbani kwake.

VITU VINAVYOHITAJIKA

Hakuna gharama kubwa. Tulitumia penseli laini, na zilipokwisha tukatumia vipande vya mkaa wa jikoni. Karatasi tulipata nyuma ya kalenda za zamani na katika madaftari ya watoto yaliyobaki kurasa mwisho wa mwaka. Kifutio tulikiweka mbali, kwani mwenye kifutio hufuta zaidi kuliko kuchora. Saa ya mkononi au simu inatosha kuhesabia dakika.

Tulijiwekea michoro kumi kila siku, ya dakika moja moja. Maana yake ni dakika kumi tu, na mama yeyote anazipata akingojea maharage yaive. Kwa mwezi mmoja ni michoro 300. Michoro mia ya kwanza ni ya kuzoeza mkono, msiihesabie chochote. Wahenga walisema, papo kwa papo kamba hukata jiwe.

DARASA LETU LILIKUWA MWALONI

Mahali pa kwanza tulipokwenda ni mwaloni Mwigobero, hapa hapa Musoma mjini. Pale asubuhi kuna kila namna ya mwili ukifanya kazi: wanaume wakivuta mtumbwi, akina mama wakiinama kuanika dagaa, vijana wakipita na ndoo za samaki. Tuliomba ruhusa kwanza, maana si adabu kumchora mtu kwa kumvizia. Walicheka, wakakubali.

Mwenzetu mmoja alimchora kijana mwenye ndoo mkono wa kulia. Alipomwonyesha, kijana aliitazama akasema, "Shikamoo mama, lakini ndoo hii haina samaki."

"Marahaba, mwanangu. Umejuaje kwamba haina kitu?"

"Huyu amesimama wima. Ndoo ikijaa huwezi kusimama hivi."

Kisha akainua ndoo yake tukaona. Mzigo ukiwa kulia, kiwiliwili chote huegemea kushoto, bega la kushoto hushuka, na mkono wa kushoto hutoka mbali na mwili kutafuta mizani. Mwenzetu akachukua karatasi nyingine akachora upya, na safari hii uzito ulionekana hata kabla ya kuichora ndoo yenyewe. Tangu siku hiyo, mchoro usioonyesha uzito tunauita "ndoo tupu".

Bunda tulikaa karibu na soko. Pale tulichora akina mama wanaopepeta mtama, wanaobeba beseni kichwani, na wanaosubiri gari wamesimama. Yule aliyebeba kichwani ni kinyume kabisa cha yule wa ndoo: shingo na mgongo hunyooka, na mwendo wote hufanywa na nyonga na magoti. Anayesubiri naye ana siri yake. Mtu aliyechoka hasimamii miguu yote miwili sawasawa. Huweka uzito mguu mmoja, nyonga ya upande huo hupanda juu, na bega la upande huo huo hushuka. Ukiishika mistari hiyo miwili, wa nyonga na wa mabega, mtu anapumua. Kama mama ana mtoto mgongoni au ni mjamzito, utaona mabadiliko mengine. Mwenye mtoto mgongoni huinama mbele kidogo, na mjamzito huvuta mabega nyuma huku kiuno kikiingia ndani.

Butiama ndiko tulikochora wakulima. Ni kijiji alikozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922 na alikozikwa mwaka 1999, na jumba la makumbusho yake liko pale Mwitongo. Hapo tulifanya zoezi moja la kumbukumbu. Tulifumba macho, tukamkumbuka Mwalimu akihutubia, na fimbo yake ndogo mkononi, kisha tukachora bila kuweka uso. Wazee waliokuwa karibu walimtambua katika michoro miwili au mitatu, na hizo nyingine wakasema ni mtu anayeita gari.

Lakini aliyetufundisha zaidi pale ni bibi mmoja wa makamo ya juu. Tulimwonyesha mchoro wa mama anayelima. Akautazama kwa muda. "Wajukuu zangu," akasema, "huyu halimi. Huyu ameokota fimbo." Tukamwomba atueleze. Hakueleza, alichukua jembe. Mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, magoti yamelegea, mgongo umekunjika kutoka nyongani wala si kiunoni, na jembe limepanda juu ya bega. Katika mchoro wetu miguu ilikuwa pamoja, na jembe lilikuwa chini kama mkongojo. Tulimchora yule bibi mara kumi na mbili, naye akapumzika akituchagulia. Mchoro alioukubali haukuwa mzuri kuliko yote, mistari yake ilikuwa michafu, lakini alisema, "Huyu atavuna."

KUSAHIHISHANA BILA KUUMIZANA

Hapo ndipo tulipoona kwamba mazoezi peke yake hayatoshi. Mtu anaweza kuchora ndoo tupu mara 300 asijue. Nyani haoni kundule. Ni lazima awepo mtu wa kukutazamia kazi yako, na kitabu cha Mithali sura ya 27 kinatufundisha kwamba rafiki humnoa rafiki yake kama chuma kinavyonoa chuma. Hata hivyo chuma kikinolewa vibaya huharibika. Akina mama wengi waliacha kuchora wakiwa darasa la pili kwa sababu mtu mmoja aliwacheka. Kwa hiyo tulijiwekea taratibu hizi:

Kwanza, mtazamaji aulizwe, "Mtu huyu anafanya nini?" Asielezwe chochote kabla ya kujibu. Mchoraji naye anyamaze. Ukianza kueleza, umeuficha ukweli.

Pili, aulizwe mtu anayeifanya kazi ile. Kuhusu jembe mwulize mkulima, kuhusu ndoo mwulize mchukuzi. Aliyesoma sana lakini hajawahi kulima hawezi kukusaidia hapo.

Tatu, masahihisho yahusu mwili uliochorwa, si mchoraji. Kusema "mguu huu haukubeba uzito" kunasaidia. Kusema "wewe huna kipaji" hakumsaidii mtu, na kusema "nzuri sana" kwa mchoro usioeleweka hakumsaidii pia.

Nne, lisahihishwe jambo moja kwa wakati mmoja. Mtu akiambiwa makosa saba, hubeba nyumbani aibu tu.

Tano, msahihishaji asichukue penseli ya mwenzake. Asimame, alifanye tendo lile kwa mwili wake, na mchoraji achore upya kwenye karatasi safi.

PICHA YA MAMA ANAYENYONYESHA

Taratibu hizo zilipimwa siku tulipoandaa picha ya bango kitita kuhusu kunyonyesha. Dada mmoja wa Bunda alichora mama ameketi, mtoto amelala mapajani, uso umegeukia titi. Ilikuwa picha ya kupendeza, hata kanga ilichorwa na maua yake. Kabla ya kuitundika, tulimwonyesha mama kijana mwenye mtoto wa kwanza tukamwuliza, "Hapa kuna nini?" Akajibu, "Mtoto amelala chali, anamwangalia mama yake."

Tulitazama tena. Kweli, tumbo la mtoto lilitazama juu na shingo ilikuwa imepinda. Sasa fikirini mama yule angeifuata picha. Mtoto aliyepinda shingo hawezi kushika titi vizuri. Hushika chuchu peke yake, chuchu huchubuka na kupasuka, mama huogopa kunyonyesha, na maziwa yasiponyonywa hupungua. Mtoto hulia. Hapo mama mkwe au jirani husema kwa nia njema kabisa, "Maziwa yako hayatoshi, mpe uji." Uji huingia kabla ya miezi sita, na kuhara hufuata. Mambo hayo yote yangeweza kuanzia kwenye mstari mmoja wa mgongo wa mtoto.

Yule dada hakukasirika. Mama mmoja aliketi na mwanawe akamnyonyesha kama inavyotakiwa: sikio, bega na nyonga ya mtoto katika mstari mmoja, tumbo la mtoto likigusa tumbo la mama, mdomo wazi sana, mdomo wa chini umebinuka nje, kidevu kinagusa titi, na sehemu nyeusi inayozunguka chuchu ikionekana zaidi juu kuliko chini. Dada akachora michoro minane ya dakika moja, bila maua ya kanga. Mchoro wa saba aliuonyeshwa mama mwingine asiyejua habari hizi. Akajibu mara moja, "Mtoto ananyonya, tena amekumbatiwa tumbo kwa tumbo." Huo ndio uliotundikwa.

Jambo jingine la kukumbuka katika picha za watoto ni kichwa. Kichwa cha mtoto mchanga ni kama robo ya urefu wake wote, lakini mtu mzima ana urefu wa vichwa saba au saba na nusu. Ukimchora mtoto kwa kichwa kidogo, watu watamwona mtu mzima aliyefupishwa.

JE, NI HALALI KUCHORA WATU?

Wapo akina mama waliotuuliza kama jambo hili halipingani na amri ya pili. Tukisoma Kutoka sura ya 20 tunaona kwamba kinachokatazwa ni kufanya sanamu na kuisujudia. Katika kitabu hicho hicho, sura ya 31, Mungu anamjaza Bezaleli Roho yake ili afanye kazi za ufundi wa kila namna. Mkono unaomfundisha mama kumlisha mwanawe haumwabudishi mtu sanamu.

Kuhusu heshima, sisi tulichora watu waliovaa nguo zao. Kanga haizuii tendo kuonekana. Ikivutwa, mikunjo yake hukuonyesha goti liko wapi na nyonga imeelekea wapi.

NYUMBANI NA WATOTO

Mtoto wako akikuletea mchoro wake, usiseme "nzuri" huku ukikoroga ugali bila kutazama. Mwulize, "Huyu anafanya nini?" Utashangaa habari atakayokusimulia. Mtoto wa miaka mitatu au minne akichora kichwa kilichoota miguu bila kiwiliwili, usimcheke wala usiogope. Watoto wengi ulimwenguni huanza hivyo. Usimsahihishe kwa kuchora juu ya kazi yake.

Faida nyingine hatukuitafuta, ilikuja yenyewe. Aliyezoea kutazama jinsi mwili unavyobeba uzito huona mapema mtoto anayechechemea, anayetumia mkono mmoja tu, au ambaye bega lake moja liko juu siku zote. Ukiona hivyo usingoje, mpeleke zahanati akatazamwe.

Basi, mama mpendwa, jaribu kwa juma moja. Michoro kumi kwa siku, dakika moja moja, ya watu wa nyumbani mwako: binti anayefagia, baba anayefunga viatu, bibi anayechambua mchele. Siku ya Jumapili, baada ya ibada, mpe mwenzako daftari lako, umwulize anachokiona, kisha unyamaze umsikilize.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya lishe ya mtoto baada ya miezi sita. Hadi hapo, neema ya Bwana iwe pamoja na nyumba zenu.